Karanga ya Mwisho ya Kanga

Kiangazi kilipokaza, Kanga alikwenda kucheza karata kwa Ngiri mwenye majivuno, akiwa na karanga chache tu, akiba yake ya mwisho. Kila mchezo, Ngiri alirundika katikati karanga tisa za mshindi. Aliyetaka kuona karata ya mwisho alilipa karanga moja. Kanga akalipa, akakosa. Akalipa tena, akakosa.

"Dada, huna akili," Ngiri akacheka. "Karata ya kukufaa ni moja kati ya tano. Nenda katage mayai."

"Nikikosa mara nne nikapata moja, kaka, nimelipa tano nikazoa tisa; bado nina faida."

Akakosa mpaka akabaki na karanga moja. Akailipa. Karata ikaja, akazoa zote.

"Bahati tu," Ngiri akanuna.

"Nilipokosa, sina akili. Nimepata, nina bahati. Haya, sogea nipite, nikatage hayo mayai."