Funguo za Sista Devota

Jamani, kukabidhiwa funguo tu kunaweza kumtoa mtu jasho! Bihawa, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa ndiyo kwanza anaanza mafunzo yake ya kuongoza wodi. Sista Devota, inchaji, yaani msimamizi wa wodi hiyo, jana hakumwitikia hata salamu. Leo anamwita mwanangu.

"Leo inchaji ni wewe, mwanangu. Shika funguo."

Mmojawapo ulikuwa wa kabati la dawa kali za maumivu, zile zinazoibwa sana. Chuoni walishaambiwa: hupokei funguo mpaka wewe na anayekukabidhi mfungue kabati pamoja, muone kilichomo. Ukishapokea, kikipungua kitu, mwizi ni wewe.

Mbona ghafla hivi? Na mbona wauguzi wawili pale pembeni wanakunja shuka ileile tangu Sista alipomwita? Lakini akikataa, nani atamjazia alama za kufaulu? Si huyuhuyu Sista!

Bihawa akaficha mikono nyuma.

"Tufungue kwanza, Sista, tuangalie pamoja."

"Makubwa! Yaani unaniona mwizi?"

"Hapana, Sista. Nataka nijifunze vizuri."

Sista akacheka, ila macho hayakucheka. Wakaenda mpaka kwenye kabati. Mwanamke aliyelifungua kabati hilo miaka nenda rudi akajaribu ufunguo mmoja, ukagoma. Akajaribu mwingine. Kisha akaurudia ule wa kwanza, taratibu, huku akitazama mlangoni.