Nani Atamwosha Marehemu

Jiwe la kwanza liligonga bati la geti. La pili lilipita karibu kabisa na sikio la Daktari Matilda, mkuu wa hospitali, naye hakurudi nyuma.

"Tupe maiti yetu!" alifoka Kalisti, mkulima wa Sitalike, sanda mkononi. Nyuma yake nusu ya Mpanda ilikuwa imejaa barabarani.

"Haitoki. Aliyekufa kwa kipindupindu anazikwa na hospitali. Haoshwi nyumbani, hayaliwi matanga."

Mvua za mwaka wa tisini na saba zilikuwa zimechanganya vyoo na visima, na Matilda alikuwa na hasira na kila mtu. Na wakubwa wa mkoani, walioahidi dripu wakaleta hotuba. Na ukoo wa Bartolomeo kule Kawajense, walioiba maiti yao wodini, wakaiosha, wakala matanga kwa mikono ileile, kisha wakarudi hospitalini wamebebwa kwa machela. Zaidi ya wote alimkasirikia marehemu mwenyewe. Bibi kizee yule alikatazwa kwenda kwenye matanga yale, tena kwa kubembelezwa. Akaenda. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Mama aliomba alazwe kando ya baba," Kalisti alisema, sauti ikimkatika.

"Najua alichoomba."

"Unajua! Kila kitu nyie wasomi mnajua! Ulisomeshwa ili ufanye hivi? Mama anaoshwa na binti yake wa kwanza, ndiyo mila. Unataka azikwe kama mbwa?"

"Maji hayo ya kumwosha ndiyo yatakayowaua watoto wako, Kalisti. Na Sitalike nzima."

Pembeni alisimama Minza, mjane aliyenyimwa maiti ya mumewe juzi tu, kwenye geti hilohilo. Yeye hakupiga kelele. Alimkazia daktari macho, akisubiri, na umati wote ulikuwa ukisubiri pamoja naye. Matilda alilijua hilo. Akimtoa huyu mmoja, kesho geti litang'olewa.

"Nimesema haitoki!" Hata askari wa zamu alishtuka. "Anayeitaka aanze na mimi!"

Kalisti alitema mate chini. "Huna moyo wewe. Mungu atakulipa." Akakaa kwenye tope, akajifunika uso kwa sanda aliyoileta.

Minza akainamisha kichwa, akajitanda khanga yake, akaondoka. Mmoja mmoja, wengine wakamfuata.

Kwenye hema la maiti, wahudumu wawili walikuwa tayari na ndoo ya klorini. Matilda aliwapokea ndoo, akawaambia watoke nje.

Akavaa glavu. Akapiga magoti kando ya yule bibi, akamfunua uso.

"Mama," alisema, "binti yako wa kwanza nimekuja kukuosha."