Nyuma ya Jukwaa la Daytona

Marlee Gaddis alikuwa ameinamia pipa la taka nyuma ya jukwaa, anatapika kwa mara nyingine, na kocha wake alikuwa amemshikia utepe wa nywele. Hakumshika nywele wala bega. Alishika utepe tu, usije ukachafuka.

“Toa yote, toa,” Kocha Purcell alisema, huku akitafuna chingamu. “Ukimaliza sukutua, paka tena rangi ya midomo. Zamu yetu inakaribia.”

Ndani ya pipa kulikuwa na viazi vya kukaanga vya mtu, maji ya kachumbari na kope za bandia. Marlee alifumba macho, lakini giza nalo lilizunguka.

Asubuhi ile, walipokuwa wakipasha mwili moto, wenzake wa timu ya ushangiliaji, ule wa sarakasi na kurushana hewani, walimrusha juu kama kila siku. Aliposhuka, mikono ya kumdaka haikuwepo. Kisogo kilitangulia, na chini ya mkeka ule mwembamba kulikuwa na saruji. Alipozinduka alizikuta nyuso za wasichana zimemwinamia, zote zimepakwa pambo la kumetameta, na nyuma yao kocha anamwambia mhudumu wa afya, “Aa, ni tumbo tu huyu. Jana alikula chaza wabovu.”

Maishani mwake Marlee hakuwahi kutia chaza mdomoni.

Ndipo mama yake, Rhonda, alipotokea akipasua umati wa washangiliaji, mkoba umemning'inia kiwikoni. Alimtazama bintiye, akalitazama pipa, akamgeukia kocha.

“Umemfanya nini mwanangu?”

“Mama Marlee, taratibu. Kichefuchefu kidogo tu.”

“Marlee, leo siku gani?”

Marlee alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo mahali fulani, lakini hakulipata.

“Unaona?” Rhonda alifoka. “Hata siku haijui! Na wewe unataka kumrusha hewani tena?”

Purcell alisogea karibu na kushusha sauti, kama mtu anayebembeleza mteja. Harufu ya minti na jasho ilimfikia Marlee, akageuza uso pembeni.

“Nisikilize. Hii ni fainali ya vyuo. Wasichana nchi nzima wanalia kupanda jukwaa hili hata mara moja. Akishinda hapa, jina la chuo linabaki kifuani mwake mpaka anazeeka. Si kama yale mashindano ya klabu za kulipia huko Orlando. Huko kila mwenye hela ya sare anaitwa bingwa wa dunia. Hivi kuna mtu alishawahi kukumbuka jina la bingwa wa klabu?”

Marlee alizijua pande zote mbili. Alikuwa akirushwa na timu ya chuo, na pia na klabu moja ya Atlanta ambayo mama yake alimpeleka tangu akiwa na mapengo ya meno ya utotoni. Maneno haya alikuwa ameyasikia kila mahali, wa chuo wakiwacheka wa klabu, wa klabu wakiwacheka wa chuo. Lakini kuyasikia sasa, juu ya matapishi yake mwenyewe, kulimtia kinyaa mpaka akatamani kumfuta yule mtu uso kwa kile kitambaa alichojifutia mdomo.

“Mtu mzima huna haya,” Rhonda alisema. “Mtoto anatapika, wewe unanipimia mataji?”

Marlee aliinua kichwa. Huyu alikuwa mama yuleyule aliyewahi kumfunga plasta kidole kilichovunjika na kumwambia, tabasamu, majaji wanakutazama. Leo amesimama kati yake na kocha, mikono kiunoni, shingo imemwiva kwa hasira. Machozi yalimtoka Marlee, na safari hii si kwa sababu ya kutapika.

Mhudumu wa afya, mwanamke mfupi mwenye kitochi mkononi, aliwakaribia. “Samahani mama, naomba nimwangalie macho.”

“Hapana, asante. Naondoka naye.”

“Basi angalau niandike kwamba ameumia kichwa…”

“Nimesema haandikwi popote. Nitamuuguza mwenyewe.”

“Ameshakuwa mtu mzima. Hebu aseme mwenyewe.” Mhudumu alimwinamia Marlee. “Dada, unataka nikupime?”

Marlee alimtazama mama yake, akaona mkono wake umenyooshwa.

“Naenda na mama,” alisema.

Purcell alitema chingamu pipani na kuutupa ule utepe juu ya meza. “Haya, nendeni! Msichana mwingine yupo. Nafasi kama hii hamtaipata tena!”

“Tupishe,” Rhonda akasema.

Walitoka kwenye jua kali. Watu ufukweni walikuwa wakipiga makofi na ngoma ilikuwa ikidunda jukwaani, kila pigo likimgonga Marlee kisogoni. Mama alimshika kiuno hadi kwenye gari, akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika uso kwa taulo lenye maji baridi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Marlee alijisikia yuko salama. Alifumba macho, akapumua taratibu.

Mama alidhani amelala. Alipiga simu kwa kocha wa klabu, huku mkono wake mwingine ukimpapasa bintiye nywele.

“Ninaye, Devlin,” alinong'ona. “La, nimewahi, hakuna aliyeandika kwamba ameumia kichwa, kwa hiyo kwenye mashindano ya Orlando hawana cha kumzuia. Mpange kulekule juu, arushwe kama kawaida. Nisingeweza kumwachia yule mjinga aumalize ubongo wa mwanangu kwa taji la vyuo.”