Nane Mara Moja

Pumzi za Mwalimu Shamte zilisikika tangu uani. Nimonia ilikuwa imembana kifua kwa siku ya nne, na asubuhi hiyo aliketi kitandani akiwa ameinama mbele, akivuta hewa kama avutaye ndoo nzito kisimani.

Mkewe, Bi Mtumwa, alimletea bilauri ya maji na kidonge kimoja cha steroidi, dawa ya kumfungulia njia ya hewa.

"Mbona kimoja?"

"Ndivyo ulivyokunywa jana. Kimoja kimoja, mara nane, mpaka magharibi."

Mwalimu aliashiria bahasha ya dawa. Daktari alikuwa ameandika: 8 x 1.

"Nane... mara moja. Kwa mkupuo."

"Nane kwa moja, moja kwa nane, jibu si nane? Wewe mwenyewe ulinifundisha!"

"Jibu ni lile lile." Alitua kutafuta pumzi. "Swali... silo."

Machozi yalimlenga Bi Mtumwa. "Vinane kwa pamoja, mume wangu? Nikikuua je?"

Mwalimu hakuwa tena na pumzi ya kujibu. Alifungua kiganja, akakiweka juu ya goti, kama alivyozoea kumngoja mwanafunzi mzito arudishe chaki.

Bi Mtumwa aliviweka kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, na kabla ya kila tarakimu alisubiri kifua cha mumewe kiinuke. Alipofika saba, alisita. Kidonge cha nane kilibaki baina ya vidole vyake, kikilainika kwa jasho, na kiganja cha Mwalimu kilikuwa bado wazi, kikimngoja.