Mawe ya Msingi ya Mheshimiwa Fisi

Si zamani sana, katika mji wa wanyama, nyuma ya nyumba ya Kuku palikuwa na jalala. Vifaranga wake walicheza humo, na mmoja alikuwa keshajikata mguu kwa chupa iliyovunjika. Kuku akaenda kuomba jalala liondolewe kwa Fisi, mwenyekiti wa mtaa, ambaye chakula chake chote kilitoka jalalani.

"Bi Kuku, mipango miji haina haraka," Fisi akasema huku akijilamba.

Kuku alimjua. Jalala alilipenda, lakini alipenda zaidi kuweka mawe ya msingi. Kuku akachora ramani ya jalala mavumbini: hapa kivuli, hapa njia, hapa mtaro wa maji ya mvua. Kisha akarudi kwa Fisi.

"Mheshimiwa, ile kona ya jalala yenye mwarobaini ingefaa hoteli. Njoo utuwekee jiwe."

"Ya ghorofa ngapi?"

"Utakazo wewe."

Mgeni rasmi hakanyagi taka, kwa hiyo mtaa mzima ulitoka na mafagio ukaisafisha kona. Fisi akaweka jiwe lenye jina lake, akapigiwa vigelegele, akaenda zake. Hoteli haikujengwa, wala hakuna aliyeitarajia. Baadaye akaalikwa kuweka jiwe la uwanja wa ndege, pale Kuku alipochora mtaro. Kisha la chuo kikuu, palipobaki.

Njaa ilipomrudisha, Fisi alikuta bustani. Vifaranga walikuwa wameyakalia mawe yake, wakidonoa mtama.

"Jalala langu liko wapi?"

"Umelizindua lote, mheshimiwa," Kuku akasema. "Karibu ukae."