Fundi wa Bomba la Ukata

"Bomba jipya linajaribiwa kwa presha kiasi gani?" aliuliza Tereza, mkono mmoja ukisambaza kahawa juani, mwingine umeshika kitabu cha kanuni mpya.

"Mpaka lilie," alijibu mumewe, Protasi.

"Baba Avelina! Mara moja na nusu ya presha ya kazi. Na unatazama geji, si uso wa mwenyekiti."

Protasi alikuwa fundi wa bomba la maji la kijiji cha Ukata kwa miaka thelathini na moja, akifuata kanuni zilizotungwa enzi za mabomba ya chuma. Siku hizi mabomba ni ya plastiki. Masika yaliyopita moja lilipasuka likang'oa paa la choo cha Bernadi, katibu wa kamati ya maji, naye Bernadi yumo ndani.

Ndipo zikaja kanuni mpya. Kila bomba liwe na fundi aliyefaulu mtihani wa mdomo wa viwango vya sasa. Ukata wakimkosa, maji yanafungwa na akina mama wanarudi mtoni na ndoo zao. Bernadi akapeleka jina Mbinga mjini. Zikabaki wiki tatu kabla ya mtihani.

Tatizo, Protasi hakujua kusoma. Tereza, aliyemaliza darasa la saba, akawa anamsomea. Miaka yote hiyo ndiye aliyembebea spana, na mara nyingi ndiye aliyegundua bomba linapovuja, huku mumewe akiendelea kuwahutubia watu.

Protasi alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Jumatatu alisema mtaro uchimbwe mita moja, Jumanne akasema kufika magotini kunatosha. Maungio ya plastiki alitaka yafungwe kwa mpira wa tairi.

"Yanapashwa moto yashikane!" alifoka Tereza, akaanza somo upya.

Wiki ya tatu Tereza hakufungua tena kitabu. Alimkosoa kwa yale aliyokwisha kuyashika kichwani, huku akichambua maharage.

"Utatuaibisha huko Mbinga."

"Mungu yupo," alisema Protasi, akaomba aongezewe kande.

Siku ya mtihani walikaa kwenye benchi nje ya chumba. Tereza alimnyoosha kola, akamnong'oneza swali la mwisho.

"Ukikuta bomba limepasuka, unaanza na nini?"

"Kumwita padri."

"Unafunga koki ya juu!" Tereza akafumba macho, akaanza Salamu Maria.

Mlango ukafunguliwa. Msimamizi, binti aliyeitwa Jacqueline, akachungulia akiwa na karatasi.

"Shikamooni. Fundi wa Ukata?"

Protasi hakusimama.

"Tereza Kapinga," binti akasoma.

Tereza akamgeukia mumewe, mdomo wazi. "Jina langu kaliandika nani?"

"Bernadi," alisema Protasi. "Mimi nilimtajia tu."