Kanda ya Dubai

Mama aliipangusa kanda ya kwanza kwa pamba ya spiriti, akaipangusa na ya pili, ndipo akamruhusu Lalit asogee dirishani.

"Sinema moja, kanda mbili," Lalit alisema, akimwonyesha Kashaija kupitia nondo. "Chagua mwenyewe. Hii imetoka Nairobi, picha safi kabisa. Ila wakaguzi wameikatakata, vita vya mwisho vimebaki kidogo. Hii nyingine ya Dubai, nzima nzima. Lakini imenakiliwa mno, ina chenga mpaka macho yanauma."

Lalit alikuwa mmoja wa Wahindi wachache waliobaki na duka Bukoba mjini, na ndiye mgeni pekee aliyefika karibu na nyumba ile ya Nyanga tangu Kashaija afungiwe chumbani. Wengine walisalimia wakiwa barabarani. Wakimuuliza Mama hali ya mgonjwa, Mama aliinamisha kichwa, nao waliguna na kwenda zao. Nyumba ilikwisha toa majeneza matatu. Nani angeuliza zaidi?

"Achukue ya Nairobi," Mama alisema. "Ya chenga ya nini, waitu? Atajiharibia macho bure."

Kashaija hakuwa na shida na macho. Shida yake ilikuwa masikio ya Mama. Kwa wiki nyingi alikuwa akikwangua simenti ya dirisha kwa mpini wa kijiko, na nondo mbili za katikati sasa zilisimama kwa kubahatisha. Mapigo machache ya chuma cha kitanda yangezing'oa. Lakini Mama alishinda kwenye kigoda nje ya mlango, akimenya ndizi za ebitoke, ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga, na mama yule alisikia hata panya akijikuna.

Sinema ile Kashaija aliijua. Aliwahi kuiona yote na kaka yake Mushumbusi, aliyeleta televisheni na deki kutoka Kampala enzi za magendo, kabla hajaanza kukonda. Komando anavamia gereza la msituni kuwatoa wenzake, na mwishoni mizinga inalia mpaka vikombe kabatini vinatetemeka.

"Nataka ya Dubai," alisema.

"Kwa nini?"

"Iliyokatwa haina utamu, Mama. Ni kama kula bila chumvi."

Lalit alishika nondo ili apitishe mkono. Nondo ikacheza. Akaitazama, akamtazama Kashaija, kisha akamgeukia Mama na sura ya mtu anayeuza sukari.

"Ana haki, mama. Na akifungulia sauti sana, hizo chenga hata hazioni."

Mama alisonya. Kanda ya juma lililopita aliipokea mkononi mwa Kashaija, akaitumbukiza kwenye mfuko wa Lalit hivyohivyo, akarudi kwenye kigoda chake.

Ilipaswa iwe leo. Jirani mmoja alikuwa anazikwa, na siku ya maziko hakuna anayeshika jembe; watu wote walikuwa msibani, vibanja vyote vya migomba vitupu. Tena leo ndipo Joviana, msichana aliyependana naye, alikuwa anachukuliwa na mjomba wake kwenda Ngenge, huko Muleba, akaolewe na mtu asiyemjua. Joviana alipita dirishani juzi, Mama akiwa kisimani.

"Wanasema na wewe unao, kama kaka zako," alimwambia.

"Unaniogopa?"

"Ningeogopa nisingekuja. Gari la mjomba litasimama barabarani baada ya maziko. Ukinikuta, sipandi. Tutakwenda zetu."

Basi Kashaija akaitia kanda kwenye deki, akafungulia sauti mpaka mwisho, akasubiri. Chenga zilijaa kama mvua. Komando alitambaa, akaua walinzi, akakata waya. Kashaija alikaa ukingoni mwa kitanda, chuma mkononi. Alikichukia chumba kile, akaichukia sahani yake ya peke yake na kikombe chake cha peke yake, akachukia kuguswa na mtu mmoja tu duniani.

Mzinga wa kwanza ulipolia, akapiga. Wa pili, akapiga. Nondo ikatoka na donge la simenti, nyingine ikafuata. Akajipenyeza, shati likachanika ubavuni, akaangukia nje kwenye majani makavu ya migomba. Nyuma yake gereza la komando lilikuwa linalipuka.

Alikimbia akikata kibanja. Honi ya gari ilisikika barabarani, mara moja, kisha tena. Ili kuifikia barabara ilibidi apite kwenye makaburi ya kaka zake.

Mama alikuwa ameketi hapo, juu ya kaburi la Mushumbusi, kisu cha kumenyea bado kiko mkononi.

"Wakati wa vita vya Amini nililala na mizinga ya kweli," alisema taratibu. "Haina mlio wa chuma cha kitanda."

"Mama, niache nipite."

"Unakwenda kwa msichana."

"Nakwenda kuishi! Humu ndani nimeshakufa, hujaona tu!"

Honi ililia tena. Mama hakuinuka kumzuia. Alipapasa udongo wa kaburi lile, akatazama la pili, akatazama la tatu ambalo nyasi zilikuwa bado hazijaota.

"Mlikwenda kupimwa wanne, mwanangu, na daktari akaniambia mzima ni wewe peke yako," alisema. "Ulitaka nikuweke wapi?"